Ruger Mark IV Hunter: bastola moja ya shabaha na ya msituni, na nini cha kubadilisha

Ruger Mark IV Hunter, bastola ya risasi ndogo za .22 LR, ikitoka kwenye boksi tayari inapiga vizuri kuliko mikono ya wengi wetu. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu anayeinunua kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo kutafuta vipuri, na nusu ya vipuri hivyo havimwongezei hata pointi moja. Vitu vitatu vinaleta tofauti ya kweli: triga, kilengeo, na risasi unayoilisha. Mengine ni pambo, au ni suala la saizi ya kiganja chako.

Asili yake ni ya zamani. Bastola ya kwanza ya ukoo huu ilitoka mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, ikiuzwa dola 37.50. Mark II ikafuata mwaka 1982, kisha Mark III, na mwaka 2016 ikaja Mark IV. Waliomiliki zile za kwanza wanajua kero yake: kuifungua kulikuwa kazi, na kuirudisha kulihitaji subira ya mvuvi. Mark IV imemaliza kero hiyo kwa kitufe kimoja kilichoko nyuma ya fremu. Toa magazini, vuta boliti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) nyuma uhakikishe chemba, yaani tundu la kukalia risasi, ni tupu, iache nyundo ikiwa imejikoki (imekaa nyuma, tayari kupiga), weka sefti, bonyeza kitufe, na sehemu ya juu inainuka yenyewe. Sefti haikubali kuwekwa kama nyundo haijakokiwa, kwa hiyo ikikataa usilazimishe. Na ukishaitoa sehemu ya juu, usiiguse triga: nyundo ikianguka bila kitu mbele yake inaumiza fremu.

Sababu ya bastola hii kulenga vizuri iko kwenye umbo lake. Mtutu wa Hunter una urefu wa inchi 6.88 (sentimita 17.5) na umekazwa moja kwa moja kwenye bomba la juu. Unapopiga, kinachosogea ni boliti tu, ndani ya bomba hilo. Mtutu hauinami wala haurudi nyuma, na vilengeo vimekaa juu ya chuma kile kile kilichoushika. Linganisha na 1911, ile bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, ambayo mtutu wake huinama na kufunguka kila risasi, vilengeo vikienda na kurudi pamoja na slaidi (chuma cha juu kinachoteleza). Fundi anayeiandaa 1911 kwa mashindano analipwa pesa nyingi ili mtutu urudi mahali pale pale kila mara. Kwenye Mark IV kazi hiyo haipo. Ndiyo maana hatushauri mtu anunue mtutu wa bei mbaya kabla hajamaliza kila kitu kingine. Faida nyingine ni kwamba ukiifungua ili kuisafisha na kuifunga tena, kilengeo hakihami, maana kilengeo na mtutu havikuachana.

Uzito wake ni kama kilo 1.25, chuma cha pua kitupu. Kwenye mstari wa shabaha uzito huo ni rafiki: mkono hautikisiki upesi na nukta ya kilengeo inatulia. Kiunoni kwa saa nne msituni ni habari nyingine. Mwenye nia ya kuwinda zaidi ya kushindana aangalie pia ndugu yake mwepesi, 22/45 Lite, yenye kilo 0.7 hivi, akijua kwamba wepesi huo ataulipia kwa nukta inayocheza. Magazini za 22/45 haziingii kwenye Hunter, wala za Hunter haziingii kwenye 22/45, kwa hiyo usinunue za ziada kabla hujaamua.

Triga ndipo pesa ya kwanza iende

Triga ya kiwandani huvuta karibu ratili 5, yaani zaidi ya kilo mbili, na ina mchezo (mwendo mtupu) kabla haijakamata na mchezo mwingine baada ya nyundo kuanguka. Bastola yenye kilo 1.25 unayoivuta kwa kilo mbili lazima itasogea. Hapo ndipo pointi zinapopotelea, wala si kwenye mtutu.

Kiti (seti ya vipuri) inayotumiwa sana ni ile ya Volquartsen, kampuni ya Carroll, Iowa. Ndani yake mna triga yenyewe, sia (kile kipande kinachoizuia nyundo isianguke), na springi na vipini vidogo vya kuambatana navyo. Ikifungwa sawasawa, triga inashuka hadi takriban ratili 2.25, yaani kilo moja na kidogo, na inakatika kama fimbo ya kioo. Bei yake ni zaidi ya dola 100. Kwa mtu anayeshindana tunasema inunue, hakuna kipuri kingine kwenye bastola hii kinacholipa haraka hivyo.

Kuifunga ni kazi ya saa moja kwa aliyezoea, na ya mchana mzima kwa mgeni. Andaa vigongeo vya kutolea pini vya kipenyo sahihi, nyundo ndogo ya plastiki, sinia lenye kingo, na simu ya kupiga picha kila hatua kabla hujaigusa inayofuata. Vipande ni vidogo, springi zinaruka. Mahali watu wanapokosea zaidi ni springi ya sia: ikikaa vibaya, triga inaweza kuhisi nyepesi ajabu na mwenyewe akafurahi, kumbe sia haikamati nyundo kwa upana wake wote. Usipige msasa wala kusugua sia kwa jiwe ili kuipunguza zaidi. Pembe yake ikiharibika, bastola inaweza kupiga risasi mbili kwa mvuto mmoja, au ikajipigia boliti inapofunga. Hiyo si bastola tena, na mwenye nayo anaweza pia kujikuta mbele ya sheria.

Triga ya kiti hii ina skrubu mbili ndogo. Moja hupunguza mchezo wa mbele, nyingine mchezo wa nyuma. Hapa shoka likikosea gogo linakata mguu. Ukikaza ya mbele kupita kiasi, triga hairudi kukamata na risasi ya pili haitoki, au mbaya zaidi, sia inabaki imeng'ata nusu. Ukikaza ya nyuma kupita kiasi, nyundo haianguki kabisa, au inakwaruza sia ikishuka na kuila. Njia ya salama: ikaze ya nyuma hadi nyundo ikatae kuanguka, kisha ilegeze nusu mzunguko. Ya mbele, ikaze hadi triga ikatae kurudi, kisha ilegeze robo hadi nusu mzunguko. Uchafu ukiingia na baridi ikija, nafasi hiyo uliyoiacha ndiyo itakayokuokoa. Halafu tia tone dogo la gundi ya skrubu, ile laini inayofunguka kwa bisibisi. Tone likizidi linatiririka kwenye pini ya triga na kuigandisha.

Kabla ya risasi yoyote, jaribu ikiwa tupu, sehemu ya juu ikiwa imerudishwa na magazini tupu ikiwa ndani, maana Mark IV haipigi bila magazini. Ikoki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti: nyundo isianguke. Vuta triga na uishikilie, vuta boliti nyuma na uiachie, kisha legeza triga polepole: usikie inavyokamata, na ukivuta tena nyundo ianguke. Ikiwa imekokiwa na sefti imetolewa, igonge mgongoni kwa nyundo ya mpira mara kadhaa: isianguke. Ikishinda yote matatu, nenda uwanjani na uweke risasi mbili tu kwenye magazini. Rudia hivyo mara kumi kabla ya kujaza kumi kamili.

Sheria za mashindano ya bastola ya kawaida Marekani, yale ya NRA (chama cha wenye bunduki) yanayoitwa Bullseye, zinataka triga ya .22 isipungue ratili 2. Kwa hiyo 2.25 inapita, lakini kwa chembe. Sia mpya hulainika kidogo baada ya risasi mamia kadhaa, basi ipime tena kwa mizani ya triga, vuta mara kumi na uchukue wastani. Mzani wa msimamizi hauna huruma.

Sasa upande wa msituni. Triga ya ratili 2.25 kwenye kidole chenye glavu, asubuhi ya baridi ya Novemba, ukikanyaga majani makavu huku umesisimka, ni nyepesi mno. Kwa anayewinda zaidi, ushauri wetu ni kuacha sia ya kiwandani na kubadilisha triga peke yake. Uzito unabaki karibu ule ule, lakini mchezo wa mbele na wa nyuma unaondoka, na hilo tayari ni nusu ya faida kwa sehemu ya gharama. Anayetaka bastola moja ifanye kazi zote mbili achague kwa kazi inayomchukulia siku nyingi. Kubadilisha sia kila msimu ni kutafuta balaa.

Wapo wanaoondoa pia kile kipande kinachoizuia bastola kupiga magazini ikiwa nje, kwa sababu triga inakuwa safi zaidi na magazini inadondoka yenyewe. Faida ipo, ndogo. Lakini huko ni kuondoa kinga, na baadhi ya viwanja havipendi. Sisi tungekiacha.

Kilengeo

Hunter inakuja na kilengeo cha mbele cha nyuzi zinazong'aa na cha nyuma chenye umbo la V, kinachorekebishika. Kwa kuwinda kindi mchana, kinatosha. Kwa karatasi ya duara, nyuzi zinazong'aa huvimba machoni jua likiwa kali na hujui katikati ni wapi. Hapo kilengeo cha nukta nyekundu, kioo kinachoonyesha nukta ya mwanga, kinaleta mabadiliko, hasa kwa macho yaliyopita miaka arobaini, ambayo hayaoni tena kilengeo na shabaha kwa pamoja.

Bomba la juu limetobolewa na kutiwa nyuzi za skrubu tayari, kwa hiyo reli ya kushikia kilengeo inafungwa bila kwenda kwa fundi. Safisha matundu na skrubu kwa spiriti, tia gundi laini, kaza kwa zamu, na baada ya kila skrubu vuta boliti kwa mkono. Skrubu ndefu kupita kiasi inaweza kushuka hadi kugusa boliti, na dalili yake ni boliti inayokwama au mkwaruzo mpya mgongoni mwake. Usilazimishe. Tafuta fupi.

Saizi ya nukta inapimwa kwa MOA (dakika ya pembe). Kwa yadi 25, MOA moja ni kama robo inchi. Nukta ya MOA 3 inafunika robo tatu za inchi, na ya MOA 6 inafunika inchi moja na nusu, ambayo ni karibu kichwa kizima cha kindi. Kwa hiyo kwa kuwinda chukua 3. Kwa shabaha maoni yanagongana: kwenye yadi 50 duara la pointi kumi lina kipenyo cha karibu inchi 3.4, na nukta kubwa inaonekana kutulia zaidi kwa sababu haikuonyeshi kila mtetemo wa mkono. Nukta ndogo inakusema ukweli, na ukweli huo unamfanya mtu avute triga kwa pupa anapoiona imepita katikati. Kati ya vilengeo vya nukta, Vortex Venom ipo kwa MOA 3 na 6, Burris FastFire 3 kwa 3 na 8. Zote mbili hula betri ya CR1632 na zinabadilishwa betri kutoka juu bila kufunguliwa kwenye reli, jambo linalokuepusha na kuanza kulenga upya. Ukungu wa asubuhi hutua kwenye kioo kilicho wazi. Beba kitambaa, na usikipulizie pumzi ya mdomo.

Punguza mwanga wa nukta mpaka uone duara lenye kingo. Wengi huiweka kali ikatawanyika kama taa ya gari kwenye mvua, kisha wanalaumu mtutu.

Rekebisha kilengeo kwa yadi 25. Kwa risasi ya kasi ya kawaida na nukta iliyoko kama inchi 1.2 juu ya mtutu, kwenye yadi 50 itapiga takriban inchi moja na nusu hadi mbili chini. Mshindani anarekebisha kwa miguso (hatua ndogo za skrubu ya kilengeo): kwenye Venom kila mguso ni MOA 1, yaani nusu inchi kwa yadi 50, basi miguso mitatu au minne. Iandike ndani ya kifuniko cha sanduku. Mwindaji hana haja nayo, kwa sababu kindi wa yadi 50 kwa bastola si wa kupigwa. Mwisho wako ni umbali ambao, ukiwa umesimama na umeegemea mti, risasi kumi zote zinaingia kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Kwa wengi ni yadi 15 hadi 25.

Risasi

Nunua boksi moja moja la aina tano au sita, si katoni la ile iliyosifiwa na jirani. Kila mtutu una mapenzi yake. CCI Standard Velocity, greni 40 (uzito wa kichwa cha risasi), inaandikwa futi 1,070 kwa sekunde, na kwa Mark IV nyingi ndiyo mwanzo mzuri kwa shabaha: inazungusha boliti bila shida na bei haiumizi. Kwa msituni CCI Mini-Mag ya greni 36 yenye kichwa chenye tundu inaandikwa futi 1,260. Namba hizo ni za mtutu wa bunduki ndefu, kwenye bastola zinashuka sana. Ukibadilisha aina, pahali inapopiga panahama, wakati mwingine inchi nzima kwa yadi 25. Usilenge kwa moja ukawinde na nyingine.

Piga vikundi vitano vya risasi tano kwa kila aina, bastola ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, usafishe chemba kati ya aina na aina, na zile risasi tano za kwanza baada ya kubadilisha usizihesabu: nta ya aina mpya inakuwa bado haijatandika ndani ya mtutu.

Na kindi yuko juu ya mti. Maboksi mengi ya .22 LR yameandikwa onyo la hatari hadi maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4. Piga pale tu ambapo shina nene liko nyuma ya kichwa chake. Akiwa kwenye tawi jembamba na mbingu nyuma yake, mwache. Majimbo mengi ya Marekani pia hayaruhusu .22 kwa kulungu, na yako sahihi.

Vishikio tuvipite haraka: mkono mdogo ubaki na mbao za kiwandani, mkono wenye jasho uchukue mpira wa kampuni ya Hogue, mshindani anayepiga kwa mkono mmoja achukue chenye kigingi cha kidole gumba. Hakikisha tu kigingi hakigusi sefti, na usikaze skrubu za mbao mpaka zilie. Zikilia zimeshapasuka.

Ukinunua iliyotumika

Soma namba ya bastola kwanza. Mwaka 2017 Ruger iliita kiwandani Mark IV zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo. Sefti ikiwa imesimama katikati, si juu wala si chini, na triga ikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka wakati sefti inasogezwa kuelekea kupiga. Zinazohusika zina namba zinazoanza na 401 au WBR. Iliyotengenezwa upya ina herufi S kwenye nukta nyeupe inayoonekana sefti ikiwa imewekwa. Kama S haipo, usiifungie kiti yoyote na usiipige. Irudishe kiwandani.

Kwa msomaji aliyeko Marekani: muuzaji mwenye leseni hauzi bastola kwa aliye chini ya miaka 21. Mwenye ukaazi wa kudumu, pamoja na waliopata kwa bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya masomo au ya utalii kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa akidhi mojawapo ya vighairi, na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani ni kimojawapo. Sheria ya jimbo inakuja juu ya hapo. Kenya uwindaji ulifungwa tangu 1977, kwa hiyo huko mazungumzo haya yote ni ya uwanja wa shabaha, kwa mwenye kibali.

Inapokwama

Ganda lililobaki limesimama mdomoni kama bomba la jiko mara nyingi ni kichomozi (kile kindoano kinachovuta ganda kutoka chemba) kilichochoka au chenye uchafu. Kile cha Volquartsen chenye makali makubwa zaidi kina bei ndogo na kinaponya tatizo. Kukibadilisha, sukuma kipini chake nyuma kwa bisibisi nyembamba, na fanya kazi hiyo yote mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonekana. Springi yake ikiruka kwenye zulia, mtaonana siku ya kuhama nyumba.

Risasi isiyolipuka, yenye alama hafifu ya pini ya kupigia: kabla ya kulaumu fataki (baruti ya kuwashia) ya risasi, angalia chemba. Nta na madini laini ya risasi hujijenga duara mwanzoni mwa chemba, ganda halikai mpaka mwisho, na pigo la pini linatumika kulisukuma ndani badala ya kulipua. Brashi ya shaba yenye kipenyo cha chemba, mizunguko kumi kila baada ya risasi 200 au 300, inatosha. Mtutu wenyewe acha mpaka vikundi vianze kufunguka. Kama alama bado ni hafifu, osha njia ya pini ndani ya boliti na uirudishe kavu, maana mafuta huko hugeuka gundi wakati wa baridi.

Ukiirudisha boliti, hesabu vipande. Kuna pini fupi inayopita kwenye boliti na kuizuia pini ya kupigia isifike kwenye chuma cha chemba. Ikisahaulika mezani, bastola itafungika vizuri tu na itaonekana nzima, na mvuto wa kwanza ukiwa tupu utapiga kovu kwenye ukingo wa chemba. Kila risasi baada ya hapo itakwama papo hapo.